Najenga nyumba za vyumba vitatu tu: mabadiliko ya tabianchi yananihusu vipi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mkandarasi mdogo, kazi zangu nyingi ziko Kigamboni na Kibaha, nyumba za vyumba vitatu au vinne. Kila semina naambiwa sekta ya ujenzi ikabiliane na mabadiliko ya tabianchi, halafu tunaonyeshwa picha za maghorofa ya nje yenye miti ukutani. Mteja wangu mimi anahesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja. Nifanye nini hasa? Na je, ninunue mashine ya matofali ya kufungamana? Kuna mtu ananiuzia.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu mkandarasi. Hapo kwenye miti ukutani nimecheka, maana semina hizo nazifahamu. Mtoa mada ana picha za Milan na Singapore, msikilizaji ana toroli mbili na fundi anayedai posho ya jana.

Nikujibu kwa ufupi kwanza, kisha nifafanue. Huyo mteja anayehesabu mifuko yuko upande wako bila mwenyewe kujua. Kwa mtu wa kiwango chako, sehemu kubwa ya kazi ni kuacha kupoteza saruji na kujenga nyumba ambayo haitarudiwa baada ya miaka kumi. Joto, mafuriko na upepo unavimaliza kwenye mchoro, kabla hujachimba msingi, na mara nyingi kwa pesa kidogo sana. Mashine nitaizungumzia mwishoni.

Tuanze na saruji. Majengo na ujenzi wake hubeba zaidi ya theluthi moja ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani, na saruji peke yake ni kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo yote. Wengi hudhani tatizo ni mafuta ya kuchomea. Mafuta yamo, ila si sehemu iliyo kubwa zaidi. Kiwandani, iwe Wazo, Tanga au Mtwara, mawe ya chokaa huingizwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Jiwe likipata joto linaachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake tangu lilipokuwa makombe chini ya bahari. Kinachobaki kinaungana na madini ya udongo kuwa klinka, zile gololi nyeusi zinazosagwa kuwa saruji. Karibu asilimia 60 ya hewa chafu ya saruji inatoka kwenye jiwe lenyewe. Kwa hiyo hata tanuru lingewaka kwa umeme mtupu wa Bwawa la Julius Nyerere, jiwe lingeendelea kutoa gesi yake. Ndiyo sababu wataalamu wa saruji wanahangaika zaidi na kupunguza klinka kuliko kubadilisha mafuta.

Tani moja ya saruji huacha angani kilo 600 hadi 900 za hewa ya ukaa, kutegemea klinka iliyomo. Mfuko wako wa kilo 50, basi, ni kilo 30 hadi 45. Sasa twende kiwanjani kwako na namba hiyo.

Chukua nyumba ya mita za mraba 100. Jamvi, yaani zege la sakafu, la sentimita 10 ni mita za ujazo 10 za zege. Kwa kipimo cha 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unakula mifuko 64 hivi. Lakini kifusi kisiposawazishwa vizuri, na fundi akimwaga bila kupiga uzi, jamvi linatoka sentimita 15 sehemu nyingi. Hizo sentimita tano za ziada ni mifuko 32 iliyozikwa ardhini, haibebi chochote. Na kama kifusi kimeshindiliwa tabaka kwa tabaka na kumwagiliwa maji, jamvi la nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa halihitaji 1:2:4. 1:3:6 inatosha, na hapo kila mita ya ujazo inakula mifuko minne na nusu badala ya sita na kitu. Nasema jamvi tu. Nguzo, linta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na zege lenye nondo usiliguse kwa namna hiyo, na kama Kigamboni uko karibu na maji ya chumvi baki na 1:2:4.

Kisha plasta. Kozi zikipanda bila timazi wala pima maji, ukuta unakwenda kama nyoka, na anayekuja kuunyoosha ni fundi plasta. Badala ya milimita 12 au 15 anapiga 25, kwingine 40. Nyumba yako ina zaidi ya mita za mraba 300 za plasta ukijumlisha ndani na nje. Kila sentimita moja ya ziada juu ya eneo hilo ni zaidi ya mifuko 20. Jumlisha na ile ya jamvi: mifuko 50 na ushei, tani mbili na nusu za saruji, na hewa ya ukaa kati ya tani moja na nusu na mbili na kitu, kwenye nyumba moja ya vyumba vitatu, kwa sababu ya uzi na timazi. Hakuna semina itakayokuonyesha picha ya timazi, lakini ningekuwa na slaidi moja tu ningeweka hiyo.

Jambo la tatu ni maji kwenye zege, na hapa naomba usimame mwenyewe siku ya kumwaga. Utaona hivi: mchanga na kokoto vimemwagwa chini, mfuko umepasuliwa juu yake, vijana wanageuza kwa makoleo, na mmoja ameshika mpira wa maji. Koleo likianza kuwa zito anaongeza maji. Zege linakuwa uji, linatiririka lenyewe kwenye toroli, kila mtu anafurahi. Mfuko mmoja wa saruji unahitaji lita 25 hadi 30 za maji, na mchanga ukiwa umenyeshewa, pungufu ya hapo. Ndoo mbili za lita 20 zinakupeleka lita 40, na nguvu ya zege hilo inaweza kushuka hadi karibu nusu ya lile la lita 25. Fundi mzoefu analijua hilo kwa macho, kwa hiyo anafidia kwa kuongeza saruji. Yaani unanunua saruji ya kurekebisha maji. Peleka ndoo yenye alama, ondoa mpira, kodi mashine ya kuchanganyia na vaibreta kwa siku hiyo moja. Na ukishamwaga, funika kwa magunia mabichi na umwagilie siku saba bila kuruka, maana kwa jua letu zege linakauka juu kabla halijakomaa ndani.

Ukifika dukani, soma mfuko. Wengi wanaangalia namba ya nguvu tu, 32.5 au 42.5, na wanaamini 42.5 ndiyo "saruji kali" ya kila kazi. Angalia pia herufi. CEM I ni klinka karibu tupu. CEM II imechanganywa na vitu vingine, kama chokaa iliyosagwa au pozolana, hadi asilimia 35. CEM IV ni ya pozolana, na inaweza kufika asilimia 55. Pozolana ni majivu na mawe ya volkano, na sisi tunayo kwa baraka za Rungwe, Meru na Bonde la Ufa. Haichomwi upya, inasagwa tu, kwa hiyo kila kilo inayoingia mahali pa klinka ni gesi ambayo haikutoka. Saruji ya namna hiyo hukomaa polepole, basi ongeza siku za kumwagilia zifike kumi hadi kumi na nne, na usiwe na haraka ya kutoa mirunda. Malipo yake ni kwamba ikikomaa inazuia chumvi vizuri zaidi, jambo ambalo mtu wa Kigamboni anapaswa kulipenda. Kwa kujengea tofali na plasta 32.5 inatosha kabisa. Kupaka ukuta kwa 42.5 ni kumnyang'anya mteja.

Kuna aina nyingine ambayo ningependa uisikie mapema, ingawa dukani kwako bado haijafika. Inaitwa LC3, na imetoka kwenye utafiti wa Uswisi, Cuba na India. Wanachukua udongo wenye kaolini, yaani mfinyanzi mweupe, wanauchoma kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, wanauchanganya na chokaa isiyochomwa, na hivyo nusu ya klinka inaondoka. Hewa chafu hupungua kwa kama asilimia 40. Ghana wameshaanza kuchoma udongo huo kiwandani. Nakutajia kwa sababu kaolini haiko mbali na wewe: vilima vya Pugu vimejaa. Viwanda vyetu vikilala kwenye hili nitashangaa.

Chuma kifupi tu. Nondo iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu katika tanuru la umeme hutoa hewa chafu pungufu mara kadhaa kuliko iliyotoka kwenye mawe ya chuma na makaa. Nyingi za viwanda vya hapa zina chuma chakavu ndani yake, kwa hiyo ya nyumbani yenye kipimo cha kweli si mbaya. Kazi yako ni kupima kipenyo, kwa sababu nondo ya "12" iliyotoka 10 na nusu inakufanya uongeze vipande, au inakuangusha.

Sasa tuhamie upande wa pili. Yote niliyosema hadi hapa yanahusu kupunguza moshi, na tuseme ukweli, Afrika nzima haifiki asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia. Sitaki mteja wako wa Kibaha abebeshwe dhambi za watu wengine. Lakini joto na mvua haviulizi nani alichafua. Kama ningelazimika kuchagua, ningesema fundi wa ukanda huu atumie theluthi mbili za akili yake kwenye kujikinga na theluthi moja kwenye saruji.

Joto linaanza na namna nyumba ilivyokaa kiwanjani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita juu, karibu na utosini, sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta unaoteseka ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni, jua likiwa chini na kuingia moja kwa moja dirishani. Kwa hiyo pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi, chochote kisicho chumba cha kulala. Miezi ya joto kali ni Desemba hadi Machi, na upepo wa miezi hiyo ni kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki. Baadaye unakuja kusi. Wavuvi wa Kigamboni wanaijua kalenda hiyo kuliko wachoraji wetu. Chumba cha kulala kiwe na dirisha la kupokea kaskazi na lingine la kuutolea upande wa pili. Dirisha moja tu chumbani ni mlango usio na pa kutokea. Na hapa nina ugomvi wangu wa siku nyingi na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la mita moja na nusu likisukumwa linafunguka nusu. Mteja amelipia dirisha zima, amepata upepo nusu. Ya kufungua kwa bawaba, au hata luva za zamani zilizodharauliwa, zinapitisha upepo wote.

Ukienda kujenga Dodoma usinakili haya kwa upofu. Bara kavu usiku kuna baridi, kwa hiyo ukuta mnene unaohifadhi ubaridi wa usiku unasaidia mchana. Pwani usiku ni wa fukuto, ukuta mnene unahifadhi joto na kukurudishia saa nne usiku. Pwani ni upepo na kivuli. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilikuwa na kuta nene, ndiyo, lakini zilikuwa pia na dari za juu, vichochoro vya kivuli na baraza. Sisemi turudi kwenye matumbawe na boriti za mikoko, maana tungemaliza miamba na mikoko ambayo leo ndiyo inayokinga ufukwe. Kivuli na urefu wa dari, hivyo chukua.

Juu ya yote ni paa. Mtindo wa sasa ni bati la msauzi la rangi ya mkaa, na wateja wakishaona picha mtandaoni hawasikii. Bati jeusi linanyonya karibu joto lote la jua linalolipiga. Jeupe au la rangi ya maziwa linarudisha zaidi ya nusu. Mara nyingi rangi haibadilishi bei. Chini yake weka dari, na juu ya dari acha matundu ya hewa yenye wavu kwenye ncha zote mbili za paa ili hewa ya moto itoke. Yule Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alianza kujulikana kwa shule ya msingi ya kijijini kwao Gando mwaka 2001: matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari yenye matundu, na bati lililoinuliwa juu yake upepo upite katikati. Hakuna kiyoyozi, na ni Sahel ile.

Ukitaka mteja akusikilize, usimtajie hewa ya ukaa. Mtajie LUKU. Kiyoyozi kidogo kikiwashwa saa nane kila usiku kinakula yuniti zaidi ya mia kwa mwezi. Feni kwa saa hizo hizo haifiki ishirini. Chumba chenye bati jeupe, dari na upepo wa pande mbili kinaridhika na feni.

Na nyumba za paa la kuficha, zile za kontemporari? Nitajibu kwa upole kwa sababu najua ndizo zinazokulisha. Kwa hali yetu ni mtindo mbaya. Umeondoa ukingo wa paa unaotoka nje sentimita 60 hadi 90, ambao kazi yake ni kuzuia jua lisipige ukuta na mvua isilowanishe plasta. Badala yake umejenga ukuta wa kuficha bati, na nyuma yake mfereji ambao majani ya mwembe wa jirani yataziba Aprili moja, na maji yakikosa njia yanashuka kwenye dari ya jipsamu. Mvua zinazidi kuja nyingi kwa muda mfupi. Mteja akishikilia, basi mfereji uwe mpana, uwe na mabomba ya kutolea zaidi ya moja, na tundu la dharura linalomwaga nje ya ukuta kabla maji hayajafika kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Na juu ya kila dirisha mwekee kivuli cha zege.

Tukija kwenye mafuriko, hapo ndipo unapopaswa kuwa jasiri kumkatalia mteja. Baada ya nyumba zao kuzama kwenye mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, na mabonde bado yanauzwa na kununuliwa kwa sababu ni rahisi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Zaidi ya sheria, zungumza na wazee wa mtaa: maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi? Ya 2011 je? Angalia alama kwenye kuta za jirani. Sakafu yako iwe juu ya alama hiyo, si juu ya barabara tu. Soketi za umeme zipande. Shimo la maji taka lisikae upande ambao maji yanatokea.

Kisha uwanja. Siku hizi nyumba haijaisha mpaka imetandikwa pevingi kutoka geti hadi ukuta wa nyuma. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 50 kwenye kiwanja cha mita 400 kilichozibwa chote ni lita 20,000, na zinatoka getini kwenda kwa jirani wa bondeni. Acha nusu ya uwanja iwe majani na miti, au tandika pevingi juu ya mchanga bila kuzungushia saruji. Paa nalo lifunge mifereji na simtanki: bati la mita za mraba 120, kwa mvua ya Dar ya karibu milimita 1,100 kwa mwaka, linaweza kukupa lita laki moja ukiondoa upotevu. Mteja wa Kibaha anayenunua maji ya boza atakuelewa bila semina. 

Kuhusu upepo, watu wa pwani walikuwa wakisema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Zanzibar ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya akaja kupitia Mafia. Paa haling'olewi kwa kuwa bati ni jembamba tu. Linang'oka kwa sababu mbao ya chini ya kenchi imelazwa juu ya linta na kuachwa hapo kwa uzito wake. Siku ya kumwaga linta chomeka nondo za milimita 8 zenye umbo la U kila baada ya mita moja au pungufu, ukishapaua zikunje juu ya mbao na kuzifunga. Tumia bati la geji 28, lililo nene kidogo, badala ya 30, na skrubu zenye mpira pembezoni na kileleni, ambako upepo unavuta zaidi. Gharama yake, ukilinganisha na paa zima, ni ndogo.

Na kwa kuwa uko Kigamboni, chumvi. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege lenye nondo, hata uoshwe na nani. Weka biskuti za zege chini na pembeni ya nondo ili zifunikwe milimita 40 au zaidi upande unaotazama bahari. Nondo inayogusa mbao za fomu leo itapasua nguzo baada ya miaka michache, kutu ikivimba, na nguzo hiyo itajengwa tena kwa saruji mpya. Ninaposema nyumba idumu ndiyo tabianchi yenyewe, namaanisha hapa.

Umeniuliza kuhusu wewe, lakini sitaki ionekane mzigo wote ni wa mkandarasi mdogo. Mnunuzi mkubwa wa majengo ni serikali. Darasa la Njombe penye baridi na la Lindi penye fukuto havipaswi kutoka kwenye ramani moja, na zabuni inayotaka 42.5 kwa kila kitu, hata plasta, inapoteza klinka kwa mamilioni ya kilo. Benki nazo zina nafasi. Kenya mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 za Kenya kwa hati fungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi inayojali mazingira, ili kujenga hosteli za wanafunzi, kwa sharti la kufikia vigezo vya majengo ya kijani vya EDGE, ambavyo vilitaka punguzo la angalau asilimia 20 katika nishati, maji na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa. Mkopo wa nyumba wa namna hiyo kwa mtu wa kawaida ungebadilisha michoro haraka kuliko mahubiri.

Sasa mashine yako. Tofali la kufungamana ni teknolojia nzuri na NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, wameihimiza kwa miaka mingi. Halichomwi, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kama kwenye tofali za kuchoma. Linatumia udongo zaidi na saruji kidogo, mara nyingi kipimo kimoja cha saruji kwa kumi au zaidi vya udongo. Linapandana bila udongo wa kujengea katikati, na likipangwa vizuri unaweza kuacha plasta ya nje, ukapaka tu mahali panapopigwa na mvua. Adui zake ni wawili: maji na udongo usiofaa. Linahitaji msingi uliopanda na paa lenye ukingo mpana, kwa hiyo usiliweke kabisa chini ya paa la kuficha.

Udongo ndio utakaoamua. Kigamboni sehemu nyingi ni mchanga mtupu, hautashikana. Kibaha unaweza kupata mwekundu wenye mfinyanzi wa wastani, lakini hubadilika kiwanja hadi kiwanja. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita nne. Jaza udongo uliolowana, uanike kivulini siku kadhaa, usukume upande mmoja upime pengo. Pengo likiwa kubwa, mfinyanzi umezidi. Utahitaji saruji zaidi au kuongeza mchanga. Usipoona pengo kabisa, mfinyanzi hautoshi. Udongo mweusi wa mbuga usiupotezee muda.

Kwa hiyo usinunue bado. Kodi kwa nyumba moja, tena ya mteja anayekubali kusubiri, kwa sababu tofali linatakiwa kumwagiliwa chini ya kivuli wiki mbili kabla halijapanda ukutani, na wakandarasi wengi hushindwa hapo. Muuzaji wako mwambie alete mashine kiwanjani afyatue tofali kwa udongo wako mwenyewe. Yaloweke baadhi usiku kucha, mengine yapeleke maabara yakandamizwe yakiwa yamelowa na yakiwa makavu. Yakipita, ndipo mzungumze bei.